Hela na bakshishi kwenye safari ya kikundi nje ya nchi: malizana nazo kabla hujapanda ndege

Watu wengi wakishalipia safari ya kikundi, ile ya kampuni yenye kiongozi, basi na hoteli zilizopangwa tayari, wanaona habari ya hela imeisha. Haijaisha jamani. Bei uliyolipa inakusafirisha na kukulaza, ila kila siku kuna hela ingine itatoka mfukoni, na ile inayosumbua watu zaidi ni bakshishi, kwa sababu haina bei rasmi na hakuna anayependa kuuliza mbele za watu. Msimamo wangu ni mmoja: bakshishi ihesabu kama sehemu ya nauli. Ipigie hesabu ukiwa nyumbani, itenge, iweke kwenye bahasha yake na usiiguse hata ukikutana na kitu kizuri dukani. Anayefanya hivi anasafiri kichwa kimetulia, na wale wanaomhudumia wanapata chao bila mtu kuhangaika kukopa kwa jirani wa siti usiku wa mwisho.

Anza na karatasi ya kampuni

Chukua ile ratiba uliyotumiwa uende mpaka chini kabisa, pale palipoandikwa vilivyomo na visivyomo kwenye bei. Wengi wanasoma hoteli na vivutio, huku chini hawafiki. Wewe soma neno kwa neno. "Bakshishi zimo" mara nyingi maana yake ni wabeba mizigo wa hoteli na wahudumu wa ile milo ambayo kikundi kizima mnakula pamoja tu. Kiongozi wa msafara na dereva hawahusiki hapo. Kampuni zingine zimeweka kila mtu ndani kweli, na kwenye safari ya namna hiyo ukitoa kitu ni kwa moyo wako tu, hakuna anayekudai wala anayekuangalia.

Kama haieleweki waandikie, na uandike maswali yenye majibu ya moja kwa moja: je bakshishi ya kiongozi imo, ya dereva imo, ya waongozaji wa kila mji imo, kama haimo mnapendekeza kiasi gani kwa mtu kwa siku, inakusanywa kwa pamoja au kila mtu anatoa kivyake, na wanapokea hela gani. Kampuni inayojua kazi yake inakujibu kwa namba. Ikikujibu "ni hiari yako" bila namba yoyote, waulize tena, wateja wao wa kawaida hutoa kiasi gani? Wanajua.

Uliza pia yale malipo ya hukohuko. Miji mingi ya Ulaya inatoza kodi ya watalii kwa kila mtu kwa kila usiku, Roma, Florence na Venice ni mfano mzuri, na kwenye safari nyingi hiyo kodi mnailipa wenyewe pale mapokezi. Kuna safari za nyongeza ambazo zimeandikwa kwenye ratiba kama vile zimo wakati ni za kulipia. Kuna vinywaji mezani, chakula chenyewe kimelipiwa ila maji na soda utaletewa bili yako. Hivi vitu kimoja kimoja ni vidogo, ukivijumlisha kwa wiki mbili ni hela ya maana.

Na kama ndani ya safari kuna meli, angalia vizuri zaidi. Meli kubwa za utalii, hasa za kampuni za Marekani, nyingi zinakata bakshishi zenyewe kila siku kwenye akaunti ya chumba chako, siku hizi ni kama dola 16 mpaka 20 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu wanne kwa siku 7, ukichukua hiyo ya chini tu, ni dola 448. Hiyo lazima uijue kabla, sio uikute kwenye bili asubuhi mnashuka.

Sasa piga hesabu

Tuseme kampuni imependekeza dola 5 kwa siku kwa kiongozi na dola 3 kwa dereva, na safari ni siku 10. Hiyo ni dola 80 kwa mtu mmoja. Mkiwa wawili ni 160. Nasisitiza kwa mtu mmoja kwa sababu wanandoa wengi wanatoa bahasha moja ya chumba wakidhani wamemaliza, kumbe wametoa nusu, na wala sio kwamba ni wachoyo, hawakuambiwa. Kwa hiyo soma hiyo namba imeandikwa kwa mtu au kwa chumba, karibu mara zote ni kwa mtu.

Halafu ongeza wale wa njiani. Kwenye safari ya kikundi unakutana na watu wa aina kadhaa na ni vizuri usiwachanganye. Kiongozi wa msafara ndo yule mnaokuwa naye kuanzia uwanja wa ndege mpaka mnaagana, anaamshwa usiku na mtu aliyepoteza pasipoti, anapigia simu hoteli, anagombana na watu wa tiketi kwa niaba yenu. Mwongozaji wa mji ni yule anayekuja asubuhi, anawazungusha kwenye makumbusho saa tatu au nne, anaondoka, na huyu anatakiwa apewe chake hapohapo maana kesho hamumuoni. Dereva anaweza kuwa mmoja safari nzima au wakawa wanabadilishana. Kuna wabeba mizigo, na kuna mhudumu wa chumba ambaye pengine hutamuona kwa macho kabisa.

Huyu wa chumba naomba nimsemee kidogo, kwa sababu ndo anayesahaulika kuliko wote. Kama upo nchi ambayo wahudumu wa vyumba wanapewa, muachie kila siku asubuhi, usingoje siku ya kuondoka, kwa sababu anayesafisha leo sio lazima awe yule wa kesho. Weka juu ya mto au mezani na kikaratasi kifupi cha asante ili ajue ni yake, bila kikaratasi wengine wanaogopa kuigusa wasije wakaambiwa wameiba.

Kuhusu dereva kuna jambo watu hawalijui. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya dereva wa basi anabanwa na sheria ya saa za kuendesha: kwa kawaida saa 9 kwa siku, anaruhusiwa kufika 10 mara mbili tu kwa wiki, na akiendesha saa nne na nusu ni lazima apumzike dakika 45, na kuna kifaa ndani ya gari kinarekodi kila kitu. Kwa hiyo kikundi kikiomba "tupitie na pale mara moja" akakataa, asipunguziwe bahasha kwa hilo, faini ni yake na leseni ni yake.

Kila nchi na utaratibu wake

Hapa ndo penye utamu wa mambo na ndo panapohitaji utulivu, manake kinachokuwa heshima sehemu moja kinaweza kumpa mtu tabu sehemu ingine.

Marekani bakshishi ni sehemu ya mshahara, hilo liweke kichwani kabla ya kulalamika. Sheria ya shirikisho inaruhusu mwajiri amlipe mfanyakazi anayeishi kwa bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, na kiwango hicho hakijapanda tangu 1991, ingawa majimbo mengi yameweka cha juu zaidi. Ndo maana mgahawani ni asilimia 15 mpaka 20, na usipotoa umemuumiza mtu moja kwa moja. Mkiwa kundi kubwa, watu 6 au 8 kwenda juu, migahawa mingi inaiongeza yenyewe kwenye bili, mara nyingi asilimia 18 au zaidi, kwa hiyo soma bili kabla hujaongeza ya pili juu yake. Na ukilipa kwa kadi risiti inakuja na mstari mtupu wa bakshishi na chini yake mstari wa jumla, unajaza mwenyewe kwa kalamu na kusaini. Meseji ya benki itakuonyesha kwanza kiasi bila bakshishi, siku moja mbili baadaye kinabadilika kikawa kamili, hapo hujaibiwa.

Ufaransa huduma imo kwenye bei kwa sheria, bili yenyewe imeandikwa service compris, mtu akiridhika anaacha sarafu kidogo basi. Italia utakutana na coperto, hiyo ni ada ya kukaa mezani inayotozwa kwa kila mtu, usiihesabu kama bakshishi na usigombane nayo, imeandikwa kwenye menyu. Uingereza migahawa mingi inaongeza asilimia 12.5 ya huduma, hasa London, na una haki ya kuomba itolewe kama huduma ilikuwa mbaya. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria ya huko inamlazimisha mwajiri awape wafanyakazi hizo hela zote bila kujikatia, kwa hiyo ukilipa kwa kadi bado zinawafikia.

Japani usitoe mgahawani wala kwenye teksi, ukiacha hela mezani kuna uwezekano mkubwa mhudumu atakufuata nje akijua umeisahau. Australia na New Zealand pia hawategemei. China wenyeji kwa wenyeji hawana utaratibu huo, ila mwongozaji na dereva wa vikundi vya wageni wameshazoea kupewa na wanaitegemea, na ndo maana nasema uliza kampuni, usisome tu kwamba nchi fulani haina bakshishi ukafunga mjadala.

Misri ni kinyume kabisa. Huko utatoa kidogokidogo siku nzima, chooni, kwa anayekushika mkono kupanda boti, kwa mbeba mzigo, na mtu asiye na noti ndogo anateseka. Kwenye meli za mto Nile mara nyingi kuna sanduku moja au bahasha moja pale mapokezi kwa wafanyakazi wote, wakiwemo wapishi na watu wa injini ambao hamuwaoni, basi weka pale, lakini mwongozaji wenu na dereva huwa hawamo kwenye sanduku hilo.

Halafu safari za kupanda milima kwa miguu, Nepal au ile njia ya Inca kule Peru. Hapa naomba mtu awe makini kuliko popote. Wapagazi wanabeba mahema yenu, majiko, chakula na mabegi, Peru wameweka kikomo cha kilo 20 kwa sheria, na bado hiyo ni kilo 20 mgongoni kwenye ngazi za mawe. Bakshishi yao hukusanywa na kikundi na kutolewa jioni ya mwisho kambini, na ni vizuri igawanywe mapema kwa kila nafasi, wapagazi kiasi chao, mpishi chake, mwongozaji msaidizi chake, mwongozaji mkuu chake. Kila mmoja akabidhiwe mkononi mwake. Mkimpa mmoja lundo lote mkamwambia "mtagawana" hamna namna ya kujua kijana aliyebeba hema amepata nini.

Noti zenyewe, maana hapa ndo watu wanakwama

Bakshishi inatolewa kwa noti ndogo, na noti ndogo hazipatikani kirahisi ukishafika. ATM inatema noti kubwa. Mtu ana dola 100 mkononi, mbeba mzigo kasimama mlangoni, ataomba chenji kwake? Kwa hiyo ukiwa bado nyumbani omba benki au pale unapobadilishia hela wakupe dola moja moja, tano tano na kumi kumi, waambie siku kadhaa kabla maana huwa hawana nyingi. Ukishafika nchi husika tumia mapokezi ya hoteli asubuhi kukiwa kumetulia, wanakuvunjia noti bila shida, au lipa kitu kidogo kwa noti kubwa kwenye supamaketi.

Dola ziwe safi. Sehemu nyingi duniani noti ya dola iliyochanika kidogo, iliyoandikwa kalamu au yenye muhuri inakataliwa, na zile za matoleo ya zamani pia zinarudishwa, ingawa Marekani kwenyewe zote ni halali. Ukimpa mtu noti mbovu umempa tatizo. Na sarafu za nchi ya kigeni usimpe mtu kabisa, mfano sarafu za euro kwa mtu aliye nje ya Ulaya, kwa sababu wabadilisha fedha hawapokei sarafu, atakaa nazo mpaka akutane na mtalii mwenye huruma wa kumbadilishia. Kama huna noti ya nje, toa hela ya nchi yake, hiyo anaitumia siku hiyohiyo.

Angalia pia mnapita nchi ngapi. Kuna ratiba maarufu ya basi Ulaya ya kati, Prague, Vienna, Budapest, wiki moja hiyo ni koruna, euro na forinti, na usipopanga utarudi na mabaki ya hela tatu. Uswisi wanatumia faranga yao. Kroatia wameingia kwenye euro tarehe 1 Januari 2023, kwa hiyo ukipewa noti za "kuna", hela yao ya zamani, na ndugu aliyewahi kwenda usizibebe ukitegemea kununulia kitu. Na Uingereza noti za karatasi za pauni 20 na 50 ziliisha muda tarehe 30 Septemba 2022, za sasa ni za plastiki, ukirudishiwa chenji ya karatasi kataa palepale.

Tunisia dinari yao hairuhusiwi kuingizwa wala kutolewa nje ya nchi, maana yake unabadilisha ukifika, unatunza risiti ya kubadilishia, na zikibaki unazirudisha kabla ya kuondoka kwa kuonyesha hiyo risiti. Ukitupa risiti unabaki na makaratasi.

Upande mwingine kuna sehemu hela taslimu haina kazi. Sweden unaweza kukaa siku nyingi hujagusa noti, na mabasi ya London hayapokei hela mkononi tangu 2014. China watu wanalipa kwa simu, Alipay na WeChat Pay zote zinakubali kuunganishwa na kadi ya nje, ila fanya hiyo kazi ukiwa nyumbani ambako laini yako inapokea meseji za uthibitisho. Hata hivyo usije ukaenda bila sarafu kabisa, kwenye safari za basi Ulaya vituo vingi vya barabara kuu choo ni cha kulipia, na dereva kasimama dakika 20 tu.

Kadi na ile mashine

Hili ndo ningependa kila mtu alijue kabla ya jambo lingine lolote la kadi. Umekula, bili imekuja, mhudumu anakusogezea kimashine. Kwenye kioo zinatokea bei mbili: moja kwa hela ya nchi uliyopo, ingine kwa hela ya kadi yako, na hii ya pili inapendeza kwa sababu unaielewa, na mara nyingi mhudumu mwenyewe kidole kimeshaenda kuibonyeza kwa niaba yako kwa nia njema tu. Simamisha. Chagua hela ya nchi uliyopo, kila mara, bila kufikiria. Ukichagua hela ya kwenu, anayebadilisha ni kampuni ya ile mashine kwa reti yake na nyongeza yake juu, na wewe unailipia. Umoja wa Ulaya tangu Aprili 2020 umezitaka mashine zionyeshe hiyo nyongeza kwa asilimia juu ya reti ya Benki Kuu ya Ulaya, kwa hiyo sio siri. ATM nazo zinauliza swali hilohilo kwa maneno ya kutisha kidogo, "endelea bila ubadilishaji?", bonyeza endelea bila, hela inatoka na benki yako ndo inabadilisha.

Kwa ATM, tumia iliyo ndani ya benki au iliyobanwa kwenye ukuta wa benki, mchana benki ikiwa wazi, ikimeza kadi unaingia ndani kudai. Zile zilizosimama zenyewe kwenye mitaa ya watalii na uwanja wa ndege zina makato makubwa. Toa kiasi cha siku kadhaa kwa mara moja kuliko kutoa kidogokidogo, kila kutoa kuna makato. Beba kadi mbili za akaunti tofauti, moja ikae kwenye sanduku hotelini, na benki uwaambie unasafiri tarehe ngapi na nchi zipi.

Jambo lingine la kadi, hotelini. Chumba kimelipwa na kampuni lakini mapokezi bado wanaomba kadi ya dhamana ya vitu vya ziada. Ukiwapa kadi ya debiti wanazuia hela halisi kwenye akaunti yako na inaweza kukaa siku kadhaa hata baada ya kuondoka, sasa fikiria hoteli nne kwenye safari moja kila moja imezuia chake. Waambie tu hutaki huduma za ziada, wafunge simu na friji ya vinywaji chumbani, mara nyingi wanakubali bila kadi. Wakisisitiza toa kadi ya mkopo kama unayo.

Mfuko wa pamoja

Kwenye kikundi naunga mkono kuwa na mfuko mmoja wa bakshishi ndogondogo, ila uanzishwe usiku wa kwanza na usimamiwe na mtu wa kikundi, sio kiongozi wa kampuni. Niliwahi kuona mama mmoja, mhasibu mstaafu, akiifanya hii kazi vizuri sana. Alikuwa na daftari la shule na bahasha mbili, alikusanya kiasi sawa kwa kila mtu kwenye chakula cha jioni cha kwanza, akaandika majina, na kila jioni kwenye basi alisoma kwa sauti: leo mwongozaji wa makumbusho kiasi hiki, wabeba mizigo kiasi hiki, tumebaki na hiki. Dakika moja tu. Safari nzima sikusikia mtu akimuuliza swali la hela, na mwongozaji alipewa palepale anaposhuka badala ya watu 20 kupekua mifuko mlangoni.

Mambo mawili tu kwenye mfuko. Kwanza kiasi kiwe kile ambacho hata mwenye uwezo mdogo kikundini anakimudu, anayetaka kutoa zaidi ana bahasha yake binafsi, na asitangaze. Kuna watu wamejinyima miaka kulipia hii safari, wanafunzi, wazee wa pensheni, tusiwaaibishe. Pili, usimbebeshe mtu mmoja hela zote za kikundi wakati wa kuvuka mipaka. Marekani anayeingia au kutoka na zaidi ya dola 10,000 lazima atoe taarifa forodhani, na familia inayosafiri pamoja inahesabiwa kwa jumla, Umoja wa Ulaya ni kuanzia euro 10,000. Sio kosa kuwa nazo, kosa ni kutosema, na wanaweza kuzishikilia.

Kwa bili za mezani kikundi kikila chenyewe, mwambieni mhudumu kabla ya kuagiza kwamba mnataka bili tofauti. Baada ya kula ni kumtesa.

Madukani

Kila safari ya kikundi ina vituo vya maduka, mazulia, vito, ngozi. Jua kwamba sehemu nyingi mwongozaji au kampuni inapata kamisheni kwa mnachonunua. Simlaumu mtu kwa hilo, ila bei imeshabeba hiyo kamisheni na wewe huna deni la kununua. Safari ya bei ya chini sana kuliko zingine zote mara nyingi inafidiwa humo madukani, hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba China iliweka sheria ya utalii iliyoanza Oktoba 2013 kukataza kampuni kuwavuta watu kwa bei ya kutupa halafu kupata faida kwa kuwapeleka madukani. Chai ya bure pokea, asante, toka nje ukae kwenye kivuli. Ukinunua kitu kikubwa lipa kwa kadi ya mkopo na uandikiwe kwenye risiti ni kitu gani hasa, dhahabu ya karati ngapi, zulia la sufu au hariri, ukubwa gani.

Siku ya mwisho

Bahasha za kiongozi na dereva ziandae usiku wa kabla ya mwisho, sio asubuhi ya uwanja wa ndege ambapo dereva yuko kwenye mabegi na kiongozi kashika pasipoti za watu. Bahasha mbili tofauti, jina lake juu, jina lako ndani na mstari mmoja wa kweli kuhusu kitu alichokufanyia. Mpe mwenyewe mkononi, mshukuru ukimtazama, bila kusimama mbele ya wenzako. Dereva apewe na wewe na sio kupitia kwa kiongozi, hata kama lugha hampatani.

Na kama hukuridhika? Tofautisha. Mvua, foleni, hoteli yenye lifti mbovu, hayo ni ya kampuni, waandikie kampuni, usimkate dereva. Lakini kiongozi aliyewaacha watu, aliyetukana, aliyekuwa kwenye simu siku nzima, huna sababu ya kumpa kiasi kamili kwa aibu tu. Punguza, na uwaandikie kampuni sababu. Na kwa aliyefanya vizuri mno waandikie pia ukimtaja jina, wengi wao kazi ijayo wanaipata kwa hizo barua.

Ukirudi fungua taarifa ya kadi na uendelee kuiangalia wiki kadhaa, linganisha na risiti ulizotunza kwenye bahasha. Hoteli kuzuia hela zaidi ya siku walizosema, chakula kimoja kukatwa mara mbili, hayo yanatokea, na ukiwa na risiti yenye tarehe piga simu benki siku hiyohiyo ufungue malalamiko.